Mwisho wa Reli Ukihama: Kasese, Bwera na Swali la Mazingira



Tangu mwaka 1956 mwisho wa reli upande wa magharibi wa Uganda umekuwa Kasese. Mpango wa Serikali wa reli mpya ya geji pana unaonyesha mwisho mwingine: Mpondwe, mpakani na Kongo, jirani kabisa na mji wa Bwera. Kwenye karatasi jambo hili linaonekana dogo. Kasese na Bwera zimo katika wilaya moja, na mwenye gari aweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Lakini kuhamisha mwisho wa reli ni zaidi ya kurefusha chuma. Ni kuhamisha stesheni, bohari, yadi ya makontena, matangi ya mafuta, malori yanayongoja mizigo, wachukuzi wanaongoja malori, akina mama wanaowapikia wachukuzi, na taka za watu wote hao. Na kule kunakoachwa nako kunabaki na kitu.

Kabla ya reli yo yote kujengwa, sheria ya Uganda inataka ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Wenzetu wengi wamelisikia jina hilo wakadhani ni shughuli ya wataalamu wa ndege na vipepeo. Makala haya yanataka kueleza tathmini hiyo ni kazi gani, inapima nini, na kwa nini, kwa habari ya Kasese na Bwera, haifai kuitazama njia ya treni peke yake. Madhara makubwa tuliyokwisha kuyaona katika wilaya hii yalitoka pale njia ilipoishia.

KILICHOACHWA NA TRENI YA SHABA

Reli ya Kampala hadi Kasese, yenye urefu wa kilomita zipatazo 330, ilikamilika mwaka 1956. Ilipita Mityana, Nkonge na Kamwenge, ikateremka ukingo wa Bonde la Ufa, ikakata vinamasi vya mafunjo kaskazini ya Ziwa George, ikaishia chini ya milima ya Ruwenzori. Haikufika Fort Portal wala Mbarara. Ilipita katikati na kuiacha miji yote miwili mbali. Sababu yake kubwa ilikuwa shaba ya Kilembe. Mawe yalisagwa Kilembe, shaba ikatengwa, ikapakiwa Kasese na kupelekwa Jinja kwenye tanuru lililotumia umeme wa Owen Falls. Kutoka Jinja ilikwenda Mombasa na ng'ambo. Mpaka mgodi uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulikuwa umekwisha kutoa zaidi ya tani 200,000 za shaba. Mgodi ulipokufa, reli nayo ikaanza kuugua. Katika miaka ya 1990 treni za Kasese zilikoma.

Sasa liko jambo ambalo masimulizi ya reli hii hayalitaji sana. Mawe ya Kilembe hayakuwa na shaba tu. Yalikuwa na chuma kilichoungana na salfa, na humo ndani mlikuwa na kobalti. Kobalti ni mali, lakini wakati ule gharama ya kuisafisha haikulipa. Kwa hiyo ile sehemu yenye salfa ilitengwa na kurundikwa nje ya mji wa Kasese, ingojee siku ya bei nzuri. Rundo likafika zaidi ya tani 1,000,000. Treni ilichukua kilicholipa nauli, kisicholipa kilibaki.

Madini ya namna hiyo yakikaa ndani ya mwamba hayamdhuru mtu. Yakisagwa na kuachwa wazi, hewa na maji huigeuza salfa yake kuwa tindikali, ya jamii ile ile inayotiwa katika betri za magari. Tindikali nayo huyeyusha shaba, kobalti na nikeli iliyosalia, na maji yanayotiririka hubeba yote. Mvua za Kasese zilichukua unga wa rundo lile na maji yake makali zikavipeleka bondeni, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Queen Elizabeth, kuelekea Ziwa George. Palipopita maji hayo majani yalikufa. Katikati ya mbuga kukaonekana ukanda wa ardhi tupu, isiyoota hata nyasi, ambapo kulia na kushoto nchi ni ya kijani.

Mwaka 1999 kiwanda cha kobalti kilianza kazi Kasese, kikalisafisha rundo lile kwa kutumia bakteria wanaovunja salfa, mpaka katika miaka ya 2010 likaisha. Hilo lilikuwa jambo jema, na waliolifanya walistahili sifa. Lakini tangu mgodi kusimama hadi kiwanda kuanza ilipita miaka kama 17, na miaka yote hiyo mvua haikuacha kunyesha. Wavuvi wa Hamukungu na Kahendero walio kando ya Ziwa George hawakuwa na hisa katika shaba. Maji ya ziwa, hata hivyo, ni yao.

Waliojenga reli ile hawakuvunja sheria yo yote ya mazingira, kwa sababu haikuwapo ya kuvunja. Desturi ya kulazimisha tathmini kabla ya mradi iliingia katika sheria ya Marekani mwaka 1970 na baadaye ikaenea duniani. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 1995, ikaunda na mamlaka ya kuisimamia, iitwayo NEMA. Sheria hiyo iliandikwa upya mwaka 2019, na kanuni za tathmini zikatolewa mwaka 2020. Mwaka 1956 hakuna aliyelazimika kuuliza, "Na yale ambayo treni haitayabeba, yatakaa wapi?" Leo yuko anayelazimika.

TATHMINI NI KAZI GANI?

Kwa ufupi, tathmini hujibu maswali matatu. Kwanza, mahali hapa pana nini kabla ya kazi kuanza: watu gani, mashamba gani, maji gani, wanyama gani? Pili, mradi utabadili nini, wakati wa kujenga na wakati wa kutumika? Tatu, je, kuna njia nyingine ya kupata faida ile ile kwa hasara ndogo zaidi? Swali hili la tatu ndilo moyo wa kazi yote, na ndilo linaloharakishwa kuliko yote. Humo huingia pia shauri la kutojenga kabisa, na hesabu ya hasara yake.

Mwenye mradi huanza kwa kuieleza NEMA anachotaka kufanya. Halafu huandikwa hadidu za rejea, yaani orodha ya mambo yatakayochunguzwa. Wataalamu huenda mahali penyewe, hupima, huuliza watu, huandika taarifa. NEMA huipitia pamoja na idara zinazohusika, mathalani wenye mbuga na wenye maji, hupokea maoni ya wananchi, na yaweza kuitisha mkutano wa hadhara. Mwisho hutolewa cheti chenye masharti, au mradi hukataliwa.

Yafaa ifahamike kwamba mtaalamu anayeandika taarifa hulipwa na mwenye mradi. Hapo pana udhaifu, nasi hatuna haja ya kuufunika. Ndiyo sababu zile hadidu za rejea zina uzito kuliko taarifa yenyewe. Jambo lisiloandikwa katika orodha ya mwanzo halitapimwa, na lisilopimwa halitapata sharti katika cheti. Mtu akija na malalamiko yake baada ya taarifa kuchapwa, hujibiwa kwa adabu kwamba jambo lake liko nje ya mipaka ya uchunguzi.

NCHI NYEMBAMBA

Msomaji asiyeijua Kasese na achukue ramani. Magharibi kuna Ruwenzori. Mashariki kuna Ziwa George. Kusini kuna Ziwa Edward, na maziwa haya mawili yameunganishwa na Mfereji wa Kazinga. Kati ya milima na maji hayo kumebaki nchi nyembamba ya tambarare, na sehemu kubwa yake ni mbuga. Barabara ya kutoka Kasese hupita Muhokya, hufika Kikorongo karibu na mstari wa Ikweta, halafu hukata kwenda magharibi, huvuka mto Nyamugasani, na kufika Bwera na Mpondwe. Pande mbili za barabara hiyo katika vipande vingi ni makao ya wanyama.

Mbuga ya Queen Elizabeth ilianzishwa mwaka 1952 na ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,978. Upande wa Kongo imepakana na mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Ndovu hawajui forodha. Huvuka huku na huko kufuata majani na usalama. Vinamasi vya Ziwa George vilikuwa vya kwanza nchini Uganda kuandikwa katika mkataba wa dunia wa Ramsar, mwaka 1988.

Kwa hiyo, treni itokayo Kampala ikitaka kufika Mpondwe haina njia ya kuukwepa kabisa mzigo huu. Ikipita kaskazini ya Ziwa George, kama reli ya zamani, itakutana na mafunjo, kisha itashuka katika ile nchi nyembamba ya Kikorongo. Ikija kutoka kusini-mashariki, itauvuka Mfereji wa Kazinga na kuingia kifuani mwa mbuga. Mpango uliotangazwa unataja njia ya Kampala, Bihanga hadi Mpondwe, kilomita kama 430. Bihanga iko Ibanda, si Kasese. Ramani ndogo zinazochapwa magazetini zina mstari mmoja mnene ambao, ukiupima kwa kipimo cha ramani yenyewe, una upana wa kilomita kadhaa. Ndani ya upana huo wa wino ndimo mabishano yote yatakamokuwamo.

Mkataba uliotiwa sahihi Oktoba 2024 na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki ulihusu sehemu ya mashariki, kutoka Malaba hadi Kampala. Siku hiyo njia ya magharibi ilikuwa bado ya karatasi. Wapo wasemao kwamba basi hakuna haraka ya kuizungumza. Mimi naona kinyume chake: njia iliyo kwenye karatasi husogezwa kwa kifutio, lakini iliyokwisha kumwagiwa kokoto huhitaji baruti.

Wengine husema, "Si lipo tuta la zamani? Wafuate lile lile." Shauri hilo lina sehemu ya kweli, kwani ardhi iliyokwisha kuguswa ni afadhali kuguswa tena kuliko kuifungua mpya. Lakini wafanyakazi wa reli wanajua kuwa njia ya geji ya mita 1 hujipinda mahali ambapo treni ndefu ya geji ya mita 1.435, yenye mwendo mkubwa, haiwezi kujipinda. Reli mpya hutaka kona pana, mwinuko mdogo, na matuta ya juu zaidi. Itafuata njia ya zamani kwa vipande, si yote. Katika tathmini inafaa kila kipande kitajwe peke yake: hiki ni cha zamani, hiki ni kipya, na hiki kipya kinapita katika shamba la mtu au katika mapito ya ndovu.

WALIYOYAONA WENZETU KENYA

Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, nayo inapita Tsavo. Kwa sehemu kubwa imepandishwa juu ya tuta, na chini yake yakaachwa mapito ya wanyama. Ndovu waliovalishwa mikanda ya redio walionekana wakiyatumia mapito hayo, jambo la kutia moyo. Lakini si kila ndovu aliyakubali, na mnyama anayefika kwenye tuta refu asione mwanya hugeuka na kutafuta pengine, mara nyingi kwenye shamba la mtu. Sehemu ya pili, iliyofunguliwa mwaka 2019, ilipitishwa katika Mbuga ya Nairobi juu ya daraja la kilomita 6 hivi. Shauri lake lilifika mbele ya baraza la mazingira, watu wakabishana kama palikuwa na njia nyingine. Mabishano yalikuja wakati njia imekwisha kuchaguliwa, na hapo kila upande unakuwa na fedha na heshima ya kutetea.

Kwa nchi nyembamba kama ya Kikorongo, tofauti kati ya tuta na daraja ni kubwa. Daraja ni ghali sana kulijenga. Tuta ni rahisi kulijenga, na gharama yake huwaangukia watu wengine baadaye.

MAJI HUPITA WAPI?

Wilaya ya Kasese ni nchi ya mito mifupi yenye hasira. Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha huteremka kutoka milimani kwa kasi, zikibeba mawe. Mei 2013 mto Nyamwamba ulipasua kingo zake na kuharibu Kilembe na sehemu za mji wa Kasese. Mei 2020 ukarudia, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya. Mto huo unapita kando ya mabaki ya mgodi, kwa hiyo maji yakifurika hayaji na matope matupu.

Tuta la reli linalokata bonde ni ukuta. Yaliyo juu yake huzama, yaliyo chini yake hukauka, ila pakiwapo matundu ya kutosha. Katika kinamasi cha mafunjo ni vivyo hivyo: mafunjo huishi kwa maji yanayosogea polepole pande zote, na tuta lenye kalivati chache huyalazimisha maji yapite mahali pachache kwa nguvu. Mafunjo yakifa, matope na sumu ambazo yalikuwa yakizichuja huingia ziwani. Ziwa George lina kina kifupi mno, wastani wa mita 2 na nusu hivi, na ziwa la namna hiyo halina mahali pa kuficha uchafu.

Jambo hili wafanyakazi wa gengi ya njia walilijua bila kufundishwa na mtaalamu. Kazi ya gengi ilikuwa kukaza boliti na kunyoosha reli, lakini pia kuzibua kalivati, kukata majani, kuchimba mitaro, na kutoa taarifa pale tuta lilipoanza kulainika. Hiyo ni kazi ya mazingira, ingawa haikuitwa hivyo. Treni zilipokoma, gengi nazo ziliondoka, lakini tuta halikuondoka na mvua haikustaafu. Reli isiyotumika haina maana kwamba haina athari. Taarifa yo yote ya tathmini ihesabu gengi kama sehemu ya ulinzi wa mazingira: watu wangapi kwa kilomita ngapi, kwa ajira ya kudumu au ya kibarua cha msimu. Kalivati nzuri isiyo na mtu wa kuizibua ina maisha ya masika mawili au matatu tu.

Liko na swali la kokoto na kifusi. Kilomita moja ya reli hula mawe mengi mno, na mawe hayo hutoka mahali. Je, ni kilima gani kitakachovunjwa? Mashimo ya kifusi yakiachwa wazi hujaa maji, mbu huzaliana, na mtoto huzama siku ya Jumapili. Mikataba mingi husema mashimo yatafukiwa. Nani atakayekwenda kuhakikisha?

BWERA YENYEWE

Sasa tufike mwisho wa njia, ambapo kwa maoni yangu tathmini inatakiwa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine po pote.

Mpondwe ni mmojawapo wa milango mikubwa ya biashara kati ya Uganda na Kongo. Ng'ambo ya mto Lhubiriha kuna Kasindi, na kutoka hapo barabara huenda Beni na Butembo. Juni 2021 viongozi wa nchi mbili walizindua hapo kazi ya kutengeneza barabara hizo, na mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwenda Kongo hupita saruji, mabati, mafuta na vyakula. Kuja huku huja kahawa, kakao na mbao. Mizigo hiyo leo huja kwa malori, na malori hayo hupita katikati ya mbuga usiku na mchana.

Ni haki kusema kwamba hapa reli ina faida yake. Treni moja hubeba mzigo wa malori mengi, na kwa kila tani hutumia mafuta machache kuliko lori. Kama malori yakipungua katika barabara ya Kikorongo, wanyama wachache watagongwa na moshi utapungua. Tathmini ya haki itaihesabu faida hiyo. Lakini na ihesabu kwa kweli: lori halitapotea, litahamia. Badala ya kutoka Kampala hadi Butembo, litatoka yadi ya Mpondwe hadi Butembo. Litangoja kontena lake Bwera, kwa siku mbili au tatu, na dereva atalala chini yake.

Kwa hiyo kinachohitaji kupimwa Bwera ni yadi. Itachukua ardhi kiasi gani? Bwera ni nchi ya watu wengi na mashamba madogo madogo, milima kwa nyuma na mbuga kwa mbele. Mtu akiondolewa hapo hana nafasi tele ya kuhamia. Katiba ya mwaka 1995 inataka alipwe fidia ya haki, tena kabla ardhi haijachukuliwa. Aliyelipwa fedha akakosa pa kununua atapanda mlimani kulima mteremko, au atasogea kwenye mpaka wa mbuga. Hapo fidia imegeuka kuwa swali la mazingira: udongo wa mlimani utateremka mtoni, na ndovu atakutana na mihogo.

Maji ya kunywa na kuogea ya watu wa yadi yatatoka wapi, na majitaka yatakwenda wapi? Mto Lhubiriha ndio mpaka. Mafuta yatakayomwagika upande wa Uganda hayatangoja kugongwa muhuri ili yaingie Kongo, na mto wenyewe unashuka kuelekea Ziwa Edward, ambalo ni la nchi zote mbili. Tathmini inayoishia katikati ya daraja imeishia katikati ya kazi.

Liko na shauri la afya. Juni 2019 ugonjwa wa Ebola uliingia Uganda kwa njia ya mpaka huu, na hospitali ya Bwera ndiyo iliyopokea wagonjwa. Kituo cha shehena hukusanya wageni, na wageni wasio na choo, maji wala mahali pa kulala ni hatari kwao wenyewe na kwa wenyeji. Vyoo vya madereva na wachukuzi huonekana kuwa jambo dogo katika mradi wa mabilioni. Ndiyo maana husahauliwa.

WANAOSHIKA MZIGO

Katika taarifa nyingi za tathmini wafanyakazi hutajwa katika ukurasa wa ajira, kama faida, na katika ukurasa wa ukimwi, kama hatari. Mara chache huulizwa wanachokijua. Hali mchukuzi ndiye anayejua ni mfuko gani hupasuka, na vumbi lake likoje kifuani. Saruji ikipakuliwa kwa mabega, vumbi lake huingia kwanza mapafuni mwa kuli ndipo lishuke mtoni. Fundi wa karakana ndiye anayejua mafuta machafu ya injini humwagwa wapi usiku.

Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006 na sheria ya mazingira ya mwaka 2019 husomwa katika ofisi tofauti, lakini vumbi ni lile lile. Hakuna sababu ya kupima hewa nje ya uzio wa yadi na kuacha kuipima ndani ya bohari. Katika hadidu za rejea inafaa yaandikwe kwa majina: wapakiaji, gengi ya njia, mafundi, madereva, walinzi na wapishi wa kando ya yadi. Pia yaandikwe malighafi yatakayopita. Kama siku moja Kilembe itafufuliwa na madini yake yapakiwe tena, je, yatapakiwa wapi, yatangoja wapi, chini ya paa au juani? Swali hilo haliwezi kuachwa mpaka behewa la kwanza lifike.

NA KASESE JE?

Ikiwa mwisho wa reli utahamia Mpondwe kwa njia isiyopita Kasese, hapo ndipo tathmini nyingi hunyamaza, kwa sababu hupima kunakojengwa. Kasese itabaki na stesheni, yadi na ardhi ya reli, na tuta lile la vinamasini lisilo na gengi. Ardhi ya reli isiyo na mlinzi haikai bure. Watu hujenga, hulima, huziba mitaro bila nia mbaya. Halafu siku mradi mwingine ukija, huitwa wavamizi.

Kwa maoni yangu uamuzi wa kuipita Kasese, kama utafanywa, utakiwe kuja na taarifa ya pili inayohusu Kasese peke yake: kalivati zipi zitazibuliwa na kwa fedha ya nani, tuta gani litafunguliwa ili maji yapite, vyuma chakavu vitaondolewaje, na udongo wa yadi ya zamani una nini ndani yake. Kisha liwekwe fungu la fedha mahali ambapo kampuni ikifilisika au mkataba ukivunjwa halitaguswa. Rundo la Kilembe lilimkosa mwenye kulilipia kwa miaka 17 kwa sababu fungu kama hilo halikuwapo.

Matawi yatakayotaka kusema jambo katika shauri hili yaandike mapema, wakati hadidu za rejea zinapotungwa, kwa NEMA na kwa afisa wa mazingira wa wilaya ya Kasese. Barua itaje mahali kwa jina, mto au kijiji, na kitu kinachotakiwa kupimwa hapo. Maneno ya jumla kwamba "mazingira yahifadhiwe" hayamlazimishi mtu. "Pimeni maji ya Lhubiriha juu na chini ya yadi, masika na kiangazi, kabla ya ujenzi na kila mwaka baada yake" yanamlazimisha. Nakala ibaki kwenye faili ya tawi, yenye muhuri wa siku iliyopokelewa.